Kioo cha mbele cha gari kinavuja? Soma hii kabla hujanunua silikoni

Masika yakianza Lushoto, dalili huwa ni zilezile. Asubuhi unafungua mlango, gari linanuka kama gunia bichi. Ukibonyeza kapeti la miguuni kwa kidole, maji yanatoka. Ukiwasha gari, kioo kinajaa ukungu kwa ndani, unaanza kufuta kwa kiganja huku unaendesha.

Wengi wakifika hapo wanaenda moja kwa moja duka la vifaa vya ujenzi. Wananunua bomba la silikoni, wanazungushia kioo chote kama wanapamba keki, kisha wanasubiri mvua. Mvua inakuja, na maji yanaingia tena.

Mara nyingi aliyepaka hana kosa la mkono. Maji hayakuwa yanapita pale alipopaka. Na hata pale yanapopita kwenye kioo kweli, silikoni ya ujenzi siyo dawa yake. Mvujo mdogo unaweza kuuziba mwenyewe nyumbani, kwa vifaa vichache, lakini usishike gundi kabla hujajua tundu liko wapi. Kulitafuta kunachukua muda mrefu kuliko kuliziba, na huo muda usiuonee uchungu.

Milimani ukungu wa kioo siyo kero tu

Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilomita kama 33, lakini unapanda karibu mita 1,000. Chini kuna joto, juu kuna baridi. Gari lenye kapeti lililolowa linabeba mvuke mwingi ndani. Ukishapita Soni kioo kimeshapoa kwa nje, na ule mvuke unatua juu yake kwa ndani kama matone madogo. Nje nako kuna ukungu wake. Mbele yako kuna kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde, na Fuso imejaa kabichi inashuka. Hapo si mahali pa kutoa mkono kwenye usukani kutafuta kitambaa.

Kuna na hasara ya polepole. Chini ya dashibodi zipo soketi za waya na boksi la fyuzi, na kwenye Toyota nyingi ndogo hata kontroboksi imekaa nyuma ya droo ya upande wa abiria. Maji yakidondokea pale hayaui gari siku hiyohiyo. Yanaleta ule ukoko wa kijani kwenye shaba. Miezi kadhaa baadaye gari linazima lenyewe au linawasha taa ya injini, na fundi umeme anatafuta ugonjwa siku tatu bila kuuona.

Halafu kuna kutu ya fremu ya kioo, ambayo ndiyo ghali kuliko zote. Tutafika huko.

Maji yanayosingiziwa kioo

Kabla ya kulaumu kioo, fungua boneti uangalie ile plastiki nyeusi iliyo chini ya waipa. Chini yake kuna mfereji. Maji yote yanayoteremka kwenye kioo huangukia humo, kisha hutoka kwa matundu ya pembeni, kushoto na kulia, yanayomwaga nyuma ya tairi za mbele.

Sasa fikiria gari linalolala chini ya mti Lushoto, Magamba au Shume. Majani ya mikaratusi yanaingia humo. Sindano za misonobari ndiyo balaa kabisa, zinajifuma kama kiota na kushika udongo. Matundu yakiziba, mfereji unajaa kama beseni, maji yanapanda mpaka kwenye njia ya hewa ya feni, kisha yanamwagika ndani miguuni. Ukitazama kwa ndani utaapa kwamba kioo kinavuja. Dawa yake ni kutoa majani kwa mkono na kumwaga maji kwa kopo mpaka uyaone yanatoka chini pande zote mbili. Haikugharimu hata shilingi. Kwa maoni yangu, mtu wa Usambara aanze hapa kila mara.

Angalia pia ni wakati gani kapeti linalowa. Kama ni siku ya jua, umeshuka Mombo, umewasha AC kwa saa nzima, na maji yako upande wa abiria, hiyo siyo mvua. AC inatengeneza maji yake, nayo yanatakiwa kutoka chini ya gari kwa kibomba kidogo cha mpira. Kibomba kikiziba kwa vumbi, maji yanarudi ndani.

Kama maji yanateleza kidogo ukiyasugua kwa vidole, yana harufu tamu na rangi ya kijani au nyekundu, hayo ni maji ya rejeta. Kile kijirejeta kidogo cha kupasha hewa ndani ya dashibodi kimetoboka. Peleka kwa fundi haraka, maana injini inaweza kuchemka katikati ya mlima.

Mlangoni nako ni vilevile. Maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida kabisa, yameundiwa matundu ya kutokea chini. Kinachoyazuia yasije miguuni ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma ya lile jopo la mlango. Aliyekufungia spika akiichana na kuiacha inaning'inia, maji yanapita. Magari yenye dirisha la juu yana vibomba vinne vya kutolea maji kwenye pembe, navyo huziba. Na keria: kila bolti iliyotoboa paa ni mlango wa maji, yanatembea juu ya silingi na kutokea kwenye nguzo ya pembeni ya kioo, sentimita chache tu kutoka kwenye kioo chenyewe. Ndiyo maana macho peke yake hayatoshi.

Jinsi ya kulikamata tundu

Kazi hii inataka watu wawili. Chagua siku kavu. Kausha gari ndani kwa taulo, hasa kando ya kioo, nguzo za pembeni na juu ya dashibodi. Mmoja akae ndani na tochi ya simu. Mwingine akae nje na mpira wa maji, au ndoo na kopo kama maji ya bomba ni ya kubahatisha.

Maji yateremke taratibu, kama mvua ya kawaida. Usipige kwa presha ya kuoshea magari, hiyo itasukuma maji hata mahali ambapo mvua haifiki na utapata tundu la uongo. Anza chini kabisa ya kioo. Mwagia sehemu moja dakika tatu hadi tano kabla ya kusogea. Ukimaliza chini panda pembeni, mwisho kabisa juu. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua lipi ni lipi.

Aliye ndani asitafute bwawa, atafute tone la kwanza. Poda ya mtoto inasaidia hapa: nyunyiza kidogo kando ya ukingo wa ndani wa kioo, maji yakipita yanaacha mstari. Lile jopo la plastiki linalofunika nguzo ya pembeni likitolewa unaona vizuri zaidi, ila kama nguzo ina maandishi ya SRS AIRBAG usilitoe mwenyewe. Na soketi zozote za rangi ya njano chini ya dashibodi usiziguse, hizo ni za eabegi.

Mvujo ukikataa kuonekana, tumia hewa. Funga milango na vioo vyote, gari likiwa nje mahali pa wazi, washa feni mpaka mwisho ikiwa inavuta hewa ya nje. Aliye nje apake maji ya sabuni kuzunguka kioo kwa brashi au chupa ya kupulizia. Mahali penye tundu patatoa mapovu. Ni njia ileile fundi pancha anayotumia kwenye tairi, na inakamata matundu ambayo maji hayayaonyeshi.

Weka alama kwa tepu ya karatasi pale ulipopaona.

Kioo chako kimeshikwa na nini?

Magari mengi tunayoagiza Japani, kina IST, Vitz, Noah, Premio, RAV4 za karibuni, kioo chake cha mbele kimegundishwa kwenye bodi. Gundi yenyewe ni ya jamii ya poliyurethani, nyeusi, inabaki kama mpira mgumu. Ule utepe mweusi unaouona kwa nje ni wa urembo na kufunika mwanya tu, haushiki kioo.

Aina ya pili ni kioo kilichovikwa raba nene yenye mifereji miwili, mmoja unashika kioo, mwingine unashika bati. Hii utaikuta kwenye Land Rover 110 na Defender za zamani, kwenye Land Cruiser zile za mkonga, na kwenye malori na mabasi mengi ya zamani. Gari la raba lina matibabu tofauti kabisa, na kuyachanganya ndiko kunakoharibu kazi.

Kwenye gari la kugundisha, kioo hakizuii upepo tu. Eabegi ya abiria ikifumuka hupanda juu, hugonga kioo, ndipo humrudia abiria. Kioo kikiwa kimeshikwa kwa gundi dhaifu, mfuko unaweza kukisukuma nje na abiria akakosa kinga. Kwa hiyo bonyeza kioo kwa viganja kutoka ndani, pembe zote, kwa nguvu ya wastani. Kikicheza, au ukisikia sauti ya gundi inayobanduka, acha. Hiyo siyo kazi ya nyumbani.

Angalia pia ukingo wa kioo chenyewe. Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyobanwa na utando wa plastiki katikati, wazo ambalo mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus alilipatia hataza mwaka 1909. Ndiyo maana kikipasuka hakimwagiki. Ukiona ukingoni pameanza kuwa peupe kama maziwa, unyevu umeshaanza kuingia kati ya tabaka. Weupe huo hauondoki kwa kusafisha.

Kwa nini siyo ile silikoni

Silikoni nyingi za bei nafuu dukani ni za mabafu na madirisha ya nyumba. Ukiifungua inanuka siki. Harufu hiyo ni asidi halisi, inatoka wakati silikoni inakauka, na ikikutana na bati lililochubuka inalisha kutu. Yaani umeziba maji kwa juu huku chini unapanda kutu.

Ubaya wake wa pili unajulikana na kila fundi vioo. Silikoni ikishakauka, hakuna kinachoshika juu yake. Gundi ya poliyurethani haishiki, rangi haishiki, hata silikoni mpya haishiki vizuri. Siku utakapotaka kazi ya kweli, fundi atatumia muda mwingi kukwangua uchafu wako kuliko kuweka kioo. Masalia kidogo tu yakibaki, gundi mpya itaachia mahali hapohapo.

Zipo silikoni nyembamba zinazotiririka, zisizo na harufu ya siki, zilizotengenezwa kwa ajili ya vioo vya magari. Hizo zinaweza kuingia kwenye ufa mdogo sana na kukuvusha msimu. Mimi ningezitumia kwenye gari la zamani ambalo kioo chake hakitatolewa tena. Kwa gari unalotaka kukaa nalo, tafuta gundi ya poliyurethani ya vioo.

Kuziba mvujo mdogo kwenye kioo cha kugundisha

Dukani omba gundi ya vioo vya magari, ya poliyurethani, pamoja na praima yake. Soma tarehe ya mwisho kwenye katriji kabla ya kulipa. Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewa, na katriji iliyokaa rafu miaka inaanza kuganda humohumo. Ibonyeze, ikiwa ngumu kama rungu, mrudishie muuzaji. Ongeza bunduki ya kusukumia, glavu, spiriti, vitambaa vya pamba visivyotoa manyoya, mswaki wa zamani, tepu ya karatasi na kadi ya benki iliyoisha muda. Petroli usiisogeze hapa. Inaacha mafuta, na gundi haitaki mafuta.

Hali ya hewa ina neno lake. Mwanya lazima uwe mkavu kabisa, kwa hiyo subiri angalau siku mbili bila mvua, au weka gari chini ya paa. Baridi ya Julai kule Lushoto inachelewesha gundi kukauka. Kama una safari ya Mombo au Korogwe na una ndugu mwenye uwanja na kivuli, fanya kazi huko kwenye joto, utaona tofauti.

Toa mikono ya waipa ikiwa mvujo uko chini. Kabla ya kuitoa, bandika tepu kwenye kioo kuonyesha ilipolala, la sivyo utairudisha ikipiga boneti. Nati zake mara nyingi ni namba 12 au 14. Kisha fungua ile plastiki ya mfereji taratibu, pini zake zikikaa juani miaka huwa zinavunjika kama biskuti.

Inua utepe mweusi mahali penye tundu na sentimita 10 zaidi kila upande. Tumia kadi ya plastiki. Bisibisi ya chuma ikigonga ukingo wa kioo itamega kipande kidogo usichokiona, na wiki ijayo kwenye mashimo ya njia ya Mlalo utaona ufa umetembea mpaka katikati.

Sasa safisha, na hapa usikimbie. Udongo wote utoke kwa mswaki na maji ya sabuni. Gundi ya zamani iliyoachia ikate. Iliyoshika vizuri iache, hiyo ndiyo msingi wako. Silikoni ya mtu aliyekutangulia ikwangue yote. Suuza, kausha, subiri, kausha tena. Maliza kwa kitambaa chenye spiriti, ukigeuza upande safi kila mara, kisha acha ipepee. Kuanzia hapo usipaguse kwa vidole vitupu.

Ukikuta doa la kutu dogo kama punje ya maharage, kwangua kwa msasa mpaka bati ling'ae, futa, paka praima ya chuma na uiache ikauke kama maelekezo yake yanavyosema. Ukikuta kutu imekula bati, limevimba au limetoboka chini ya kioo, funga kazi. Hakuna gundi inayoshika kutu. Kioo kitolewe, bati litibiwe au lichomelewe, kirudishwe.

Kama hakuna kutu, bandika tepu juu na chini ya mwanya, paka praima ya gundi, subiri muda ulioandikwa kwenye chupa. Kata ncha ya katriji tundu dogo. Isukume gundi iingie ndani ya mwanya mpaka uione imekutana na ile ya zamani. Gundi iliyolala juu kama utepe haizibi kitu. Lainisha kwa kadi, vuta tepu kabla haijakauka, rudisha utepe mweusi juu yake. Utepe huo una kazi: jua linaichakaza poliyurethani, ndiyo sababu hata kioo chenyewe kimepakwa ukingo mweusi wenye vidoti kuificha gundi.

Fanya yote haya nje, siyo ndani ya gereji iliyofungwa, na watoto wakae mbali. Mvuke wa gundi hii siyo mzuri kwa kifua, hasa kwa mwenye pumu. Ikikushika mkononi bila glavu utatembea na alama nyeusi siku kadhaa.

Gundi inakauka kuanzia nje kwenda ndani, milimita chache tu kwa siku. Acha kioo cha mlango mmoja wazi kidogo, maana ukifunga mlango kwa kishindo gari likiwa limezibwa, hewa inasukuma kioo cha mbele kutoka ndani. Usilioshe siku hiyo na ya pili yake, na usilipeleke kwenye barabara mbovu.

Na kama mvua inanyesha leo na huna nafasi ya yote haya? Kausha juu, bandika tepu pana isiyopitisha maji kuanzia kwenye bati hadi ukingoni mwa kioo, pasipozuia macho ya dereva. Haipendezi, lakini inakufikisha Jumamosi bila kuharibu chochote.

Gari la raba

Kwenye Land Rover na wenzake, maji yanapita mojawapo ya njia mbili: kati ya raba na kioo, au kati ya raba na bati. Jaribio la kopo litakuambia ni ipi. Raba ikiwa bado laini, inua mdomo wake kwa kijiti cha mti au mpini wa mswaki uliochongwa, safisha, kisha jaza mastiki isiyoganda, ile inayobaki laini. Raba inahitaji kucheza bodi inapojipinda, ndiyo maana gundi ngumu haifai hapa. Futa inayozidi.

Raba iliyokauka ikapasuka pasuka haina matibabu, nunua nyingine. Kuirudisha na kioo siyo uchawi. Kamba laini ya nailoni inazungushwa kwenye mfereji wa raba unaoshika bati, raba inapakwa maji ya sabuni, kioo kinawekwa mahali pake kutoka nje. Mtu mmoja anasukuma kwa viganja, mwingine aliye ndani anavuta kamba taratibu, na mdomo wa raba unaruka wenyewe kuingia upande wa ndani wa bati. Kamba ya katani ya Korogwe tuiache ifunge mizigo. Ni kavu mno, inakwangua raba. Na kabla ya kurudisha kioo, tazama kutu kwenye pembe za chini za fremu. Land Cruiser hizi zinajulikana kwa ugonjwa huo.

Ukimpelekea fundi

Kumpelekea fundi ni sawa kabisa, ila muulize maswali kabla hajatoa kioo. Anatumia gundi gani? Akikuonyesha silikoni, shukuru uondoke. Gundi ya zamani ataikwangua mpaka kwenye bati, au ataacha tabaka jembamba la milimita moja au mbili? Fundi anayejua ataacha hilo tabaka, kwa sababu gundi mpya hushika vizuri juu yake kuliko juu ya rangi. Mikwaruzo ya kisu kwenye bati ataipaka praima? Na gari litaruhusiwa kuondoka baada ya muda gani? Jibu la swali hilo limeandikwa kwenye katriji, muombe aisome mbele yako.

Kuhusu malipo, bima ndogo haigusi kioo chako. Mwenye bima kubwa asome mkataba wake kwanza, baadhi zina kipengele cha vioo.

Usisahau kapeti

Kesho yake au keshokutwa, gundi ikishashika, rudia jaribio la kopo kuanzia chini. Kama ni pakavu, bado una kazi moja, na wengi wanaiacha. Chini ya kapeti kuna sponji nene. Juu panaweza kuwa pakavu huku sponji imebeba maji, na ukungu wa kioo utaendelea hata kama mvujo umekwisha.

Toa viti kama unaweza, au angalau inua kapeti kuanzia kizingiti cha mlango. Kama chini ya kiti pana soketi ya njano, viti viache mahali pake. Kamua, ingiza taulo au magazeti makavu chini yake, badilisha asubuhi na jioni. Jua la siku tatu mfululizo mwezi wa nne Lushoto ni la kuombea, kwa hiyo likipatikana la saa mbili, fungua milango yote minne.

Ukilazimika kusafiri kabla halijakauka, washa AC pamoja na joto, elekeza hewa kwenye kioo, na hakikisha kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kimezimwa ili gari livute hewa ya nje. AC inakausha hewa, joto linapasha kioo. Fanya hivyo gari likiwa bado limesimama, kioo kiwe safi kabla hujaanza kuteremka Soni.